Chumba cha Padri Profesa: uchambuzi wa kisa cha nyaraka zilizodaiwa na pande tatu

Padri mmoja wa Kikatoliki, profesa wa historia na mtunza nyaraka wa chuo kikuu, alifariki Dar es Salaam wakati wa masika akiwa na umri wa miaka sabini na ushee. Aliacha chumba kimoja na stoo katika nyumba ya mapadri, vyote vimejaa karatasi hata kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani kuzipisha. Kabla arobaini haijafika walikuwa wamejitokeza wadai watatu: ndugu zake kutoka kusini, jimbo lake, na chuo alichofundisha. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na kila upande uliamini hoja yake inatosha kubeba chumba kizima.

Niliitwa kushauri kwa sababu ndiyo kazi yangu, kumbukumbu na nyaraka. Majina ya watu, parokia na chuo nayaacha. Wahusika wako hai na mengine ni ya ndani ya familia. Ila kisa chenyewe nakieleza kwa urefu, maana vya namna hii vinakuja vingi. Mapadri wasomi waliosomeshwa katika miongo miwili ya kwanza ya uhuru wanaondoka mmoja mmoja, na vyumba vyao vinahitajika kwa paroko msaidizi mpya. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: karatasi huifuata kazi iliyoizaa. Haimfuati mtu aliyeishika mara ya mwisho, wala haifuati chumba ilimokutwa.

Mtu mwenyewe

Alikuwa padri wa jimbo, hakuwa mtawa wa shirika. Nusu ya ugomvi ilitokana na watu kutotofautisha haya mawili. Mtawa huweka nadhiri ya ufukara, na kwa Sheria ya Kanisa anachokipata kwa jasho lake kinakuwa cha shirika lake (kanuni ya 668). Padri wa jimbo haweki nadhiri hiyo. Anamwahidi askofu wake utii, anashika useja, lakini anaweza kumiliki shamba, gari na vitabu, na anaweza kuandika wosia. Kwa hiyo waliosema msibani kwamba mali ya padri ni mali ya Kanisa walikosea, na maneno hayo yaliwaumiza ndugu ambao ndio kwanza walikuwa wameshuka kwenye basi.

Jimbo lake ni la kusini. Askofu alimtuma kusoma Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miaka ya 1970, wakati idara ya historia pale ilikuwa na jina kubwa. Chuo kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu kinachojitegemea 1970. Terence Ranger aliianzisha idara ile 1963, na Isaria Kimambo na wenzake wakaijenga juu ya wazo kwamba historia ya Mwafrika inaweza kuandikwa kutoka vinywani mwa Waafrika wenyewe. Mwaka 1968 wanafunzi walikwenda vijijini kukusanya simulizi za Maji Maji. Padri wetu aliwakuta waliofanya kazi ile bado wanaisimulia, ikamwingia. Alikwenda ng'ambo kwa udaktari, akarudi, akafundisha Dar es Salaam maisha yake yote ya kazi kwa barua ya ruhusa kutoka kwa askofu wake.

Ufunguo wa hifadhi ya nyaraka ya chuo alipewa kwa sababu alilalamika. Aliikuta mihtasari ya baraza la chuo imerundikwa chini ya ngazi, inavuja maji, akaandika waraka mkali kuliko desturi yake. Uongozi ukamjibu kwa kumkabidhi kazi yenyewe. Kuanzia hapo wiki yake iligawanyika hivi: siku za kazi mihadhara na hifadhi, Jumamosi jioni maungamo, Jumapili misa ya kwanza kwenye parokia alikokuwa akiishi. Wanafunzi walimwita Padri Prof. Ukiingia ofisini kwake husemi "habari za asubuhi". Unasema "Tumsifu Yesu Kristo", naye anaitika "Milele na milele, amina" bila kuinua kalamu, kisha anakuuliza umesoma nini.

Njia yake ya kufundisha nataka niieleze, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kwa nini karatasi zake zilichanganyika. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hakupewa kitabu kwanza. Alipewa nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la ubatizo. Daftari hilo kila parokia inatakiwa kuwa nalo, pamoja na la ndoa na la marehemu, na kando ya jina la mbatizwa huongezwa habari za kipaimara, ndoa, upadrisho au nadhiri za kitawa (kanuni ya 535). Maana yake ni kwamba mstari mmoja unaweza kumfuata mtu tangu utoto mpaka uzeeni. Padri Prof alikuwa akiwaambia wasome pembeni kabla ya katikati. Katika Bagamoyo, ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kuwakomboa watoto waliokuwa watumwa, mstari wa namna hiyo huenda ndio mahali pekee mtu yule alipoandikwa kama mtu mwenye jina. Mwanafunzi aliyekuja na dhana kwamba historia ni ya magavana na mapatano alitoka darasani ana swali: huyu msimamizi wa ubatizo anayejirudia kila ukurasa ni nani?

Na Dar es Salaam yenyewe aliifundisha hivyo hivyo. Wabenediktini wa St. Ottilien walifungua misheni Pugu 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri, ikashambuliwa na kuchomwa. Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss, ambaye makao yake yalikuwa hapa Dar es Salaam, aliuawa karibu na Liwale akiwa safarini pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Matukio haya yameandikwa sana na wamisionari kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa zamani ambao Mjerumani wa leo mwenyewe anahangaika nao. Padri aliusoma. Kisha akaenda Liwale na Kilwa na redio kaseti, akawauliza wajukuu wa waliokuwa upande wa pili walisimuliwa nini. Alikuwa padri anayewahoji watu kuhusu kuuawa kwa askofu, na hakuficha kanzu yake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko chochote alichochapisha.

Kilichoharibika kabla hatujafika

Ofisi moja, ambayo siitaji, iliona inafanya wema. Chumba kilihitajika haraka, vijana wawili wakapewa siku nzima "kupanga". Wakapanga kweli: vitabu na vitabu, barua na barua, picha na picha, vikubwa chini vidogo juu. Bahasha za kaki zilizobaki tupu wakazitia kwenye mifuko ya sandarusi na kuziweka nje tayari kwa gari la taka. Chumba kilipendeza. Mtu asiye wa fani hii angewashukuru.

Hasara ilikuwa kubwa, na ninaisikitikia mpaka leo. Padri alikuwa na utaratibu wake: kila jambo na bahasha yake, ndani barua iliyoingia, nyuma yake nakala ya kaboni ya jibu lake, nyuma yake kipande cha karatasi chenye simu alizopiga na tarehe. Juu ya bahasha aliandika namba, mahali, na kwa nafasi gani ameishughulikia: herufi K kwa kazi ya Kanisa, C kwa chuo, N kwa mambo ya nyumbani. Yaani marehemu alikuwa ameshafanya mgawanyo uleule ambao pande tatu zilikuwa zinaugombania, na mgawanyo ule ulikuwa nje kwenye mifuko ya taka.

Gari la taka lilichelewa kwa sababu ya mvua. Mpwa wake, kijana anayefanya kazi bandarini, aliiona mifuko ile akafungua mmoja, akautambua mwandiko wa mjomba wake, akairudisha yote ndani akiwa ameloa. Kama kuna mtu mmoja wa kushukuriwa katika kisa hiki ni huyo, wala hakuwa amesomea nyaraka.

Kurudisha karatasi kwenye bahasha zake kulichukua muda mrefu kuliko mazungumzo yote ya sheria. Tulitumia alama ambazo mpangaji wa haraka hazioni. Padri alipenda kutumia pini za ofisi, na hewa ya Dar es Salaam, yenye chumvi na unyevu mwaka mzima, hailipi chuma fadhila. Kila pini ilikuwa imeacha alama ya kutu kwenye karatasi ya juu, ya kati na ya chini, mahali palepale na kwa mshazari uleule. Ukiweka karatasi mbili juu ya mwanga na kutu yake ikalingana, unajua zililala pamoja miaka mingi. Zilizokaa karibu na dirisha zilikuwa zimefifia ukingo mmoja. Mchwa nao walikuwa wametoboa rundo moja kutoka chini, na tundu lao lilipita karatasi kumi na zaidi; tulizifuata kwa tundu hilo. Tulifanikiwa kwa sehemu kubwa, si kwa zote. Zile zilizobaki bila bahasha tuliziweka peke yake na kuandika wazi kwamba mpangilio wake umepotea, ili mtafiti wa kesho asijenge hoja juu ya ujirani wa karatasi ambao tumeutengeneza sisi.

Hoja za pande tatu

Kwanza familia. Mdogo wake marehemu, mzee wa makamo ya kustaafu, alikuja akiwa na barua ya kikao cha ukoo kumteua awe msimamizi wa mirathi, na maombi yalikuwa yamekwishapelekwa mahakamani. Nilimwamkia, "Shikamoo Baba." Akaitikia, kisha akasema jambo ambalo lilibadilisha mazungumzo: "Mwanangu, kwenu alikuwa padri na profesa. Kwetu ni mtoto wa mama yetu. Mnataka tuondoke na shuka peke yake?" Ukweli ni kwamba kikaoni hakuna aliyekuwa ametaja familia isipokuwa kwa habari ya usafiri wa kuwarudisha. Barua za mama yao alizoandikiwa akiwa seminari, shajara, picha za shamba, miswada ya vitabu ambayo hakuichapisha: hivi ni vya warithi. Na hata mswada ukihifadhiwa chuoni, haki ya kuuchapisha ni jambo jingine. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufariki. Chuo kinaweza kuwa na karatasi mkononi na kisiwe na ruhusa ya kuitoa kitabu. Nililirudia hili mara kadhaa, maana mwakilishi wa chuo alikuwa tayari amezungumza na mchapishaji.

Chuo kilidai "kila kilichohusu utafiti". Dai hilo ni pana mno. Cha chuo ni kile ambacho Padri alikizalisha au kukipokea akiwa mtumishi wa chuo: mihtasari ya vikao, alama za wanafunzi, barua za idara, na nyaraka za hifadhi yenyewe. Chuo cha umma kinabanwa pia na sheria ya kumbukumbu na nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002. Karatasi hizo ni za umma, hata mrithi akizikuta chini ya kitanda hawezi kuzigawa. Wakati wote huo chuo kilikuwa kinapigania picha na kaseti, na hakuna aliyeuliza juu ya daftari moja la jalada gumu ambalo Padri alikuwa akilichukua nyumbani kufanyia kazi usiku: daftari la mapokezi ya hifadhi, linaloonyesha kila boksi lililoingia, limetoka kwa nani, lini, na kwa sharti gani. Bila daftari hilo hifadhi nzima ya chuo ni maboksi yasiyo na wazazi. Nililitoa kwenye rafu na kumkabidhi msajili msaidizi siku hiyohiyo kwa saini. Lilikuwa jambo la haraka kuliko yote, na lisilobishaniwa.

Jimbo lilidai kwa sauti ya chini lakini kwa hoja nzito. Mafaili ya uchunguzi wa ndoa, barua za askofu, hesabu za michango ya parokia alikosaidia: hizo ni za Kanisa bila swali, ingawa si zote za jimbo moja. Zilizotokana na huduma ya parokia ya Dar es Salaam ni za Jimbo Kuu la Dar es Salaam; zilizotokana na utii wake kwa askofu wake ni za kusini. Halafu likaonekana jambo la aibu kidogo. Kwenye stoo, limefungwa kwa kitenge, lilikuwamo daftari halisi la ubatizo la parokia ya kusini, la wakati wa Wajerumani. Alikuwa ameliazima. Sheria ya Kanisa inaruhusu nyaraka kutolewa kwenye hifadhi kwa muda mfupi tu na kwa ruhusa (kanuni ya 488), na barua ya ruhusa ilikuwemo ndani ya daftari, ya zamani sana. Paroko aliyeiandika alishafariki, warithi wake kwenye parokia hawakujua daftari liko wapi, na watu wa kijiji kile waliohitaji kujua habari za babu zao walikuwa wanajibiwa kwamba liliungua. Nampenda Padri kwa yote aliyofanya, lakini hapa alikosea, na kosa hili wanahistoria tunalirudia: tunaona chanzo kiko salama zaidi kwetu. Daftari lilirudi kusini na kansela wa jimbo, yaani msimamizi wa nyaraka zake, mkononi, si kwa kifurushi cha basi.

Kauntabuku ya kijani

Palipokuwa pagumu ni kauntabuku moja ya kijani, ya safari zake za Liwale. Nilifungua ukurasa mmoja kwa idhini ya kikao, na nitaueleza bila kumfichua mtu. Juu kulia tarehe na jina la kijiji. Kwa kalamu ya bluu, maneno ya mzee aliyehojiwa: jinsi babu yake alivyolazimishwa kulima shamba la pamba la jumbe, siku ngapi, chini ya akida gani, na malipo yalivyokuwa kichekesho, na jinsi habari ya maji ilivyofika kijijini kabla ya mjumbe wa maji mwenyewe. Ni ushuhuda wa thamani kubwa. Mistari kumi chini, ndani ya mabano ya penseli nyekundu, mambo mengine kabisa: jioni ile binti wa yule mzee alimfuata Padri kumweleza shida ya ndoa yake, naye akajiandikia afuatilie kwa paroko wa pale. Kisha bluu tena, mzee anaendelea asubuhi.

Kurasa nyingi zilikuwa hivyo. Mpwa ndiye aliyetuambia maana ya nyekundu: mjomba alimweleza kwamba mambo aliyoambiwa "kama padri" huyafunga kwa rangi hiyo ili asiyatumie hata kwa bahati mbaya.

Mwakilishi mmoja akashtuka na kusema hii ni siri ya kitubio, ichomwe. Haikuwa siri ya kitubio. Siri ya maungamo haivunjwi kwa namna yoyote (kanuni ya 983), na padri yeyote makini haandiki alichokisikia katika maungamo. Haya yalikuwa mashauri ya kichungaji, nje ya sakramenti. Ila bado yanalindwa: Kanisa linakataza kuharibu jina jema la mtu au kuvunja faragha yake (kanuni ya 220), na nchi nayo ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022. Yule binti huenda yu hai, na kijiji kile ni kidogo, mtu anatambulika kwa mistari miwili.

Mapendekezo yakawa matatu. Kuchoma, nimelitaja. La pili lilikuwa kukata vipande vyekundu kwa mkasi, bluu iende chuo na nyekundu jimboni. Hili lilipata wafuasi wengi kwa sababu lilionekana la haki. Nililipinga kwa nguvu zangu zote. Karatasi ina pande mbili. Ukikata nyekundu ya mbele unakata bluu ya nyuma. Na zaidi ya hapo, ule mchanganyiko wenyewe ni ushahidi. Unaonyesha mzee alizungumza na nani. Hakuwa anazungumza na mtafiti aliyeshuka kwenye Land Rover na kuondoka. Alizungumza na mtu ambaye binti yake angeweza kumfuata jioni na jambo la moyoni. Mwanahistoria akitaka kupima maneno ya mzee yule, anatakiwa ajue hilo.

La tatu, lililokubaliwa, ni hili. Kauntabuku inabaki nzima, inafungwa kwenye hifadhi ya jimbo, haisomwi. Inatengenezwa nakala ya picha ambamo mabano mekundu yamefunikwa kwa weusi unaoonekana, si kufutwa kimyakimya, ili msomaji ajue kwamba hapa pana kitu na ni kirefu kiasi gani. Anayefunika ni padri aliyeteuliwa na kansela. Mimi nilipokea namba za kurasa na mistari tu, nikahakiki kwamba hakuna bluu iliyozibwa. Nakala hiyo ndiyo inayokwenda chuoni. Kazi ni ya polepole, lakini inafanyika.

Walivyofanya Notre Dame

Kikaoni niliwapa mfano wa nje kwa kuwa unafanana na huu kwa nafasi zake tatu: padri, mwanahistoria na mtunza nyaraka. Thomas McAvoy, padri wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alikuwa mtunza nyaraka wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Indiana, Marekani, tangu 1929 mpaka alipofariki 1969. Kati ya 1939 na 1960 aliongoza idara ya historia, na udaktari wake aliupata Columbia 1940. Yeye alikuta rundo lililokusanywa na mlei aliyemtangulia, James Edwards, ambaye mwishoni mwa karne ya 19 aliwaandikia maaskofu wa Marekani wampe karatasi zao za kale zisipotee, wengi wakampa. Kazi ya McAvoy ilikuwa kuzifanya zisomeke: muhtasari wa kila waraka, wakati waraka wenyewe uko kwa Kifaransa, Kilatini au Kihispania, na baadaye filamu ndogo (maikrofilamu) ili watu wa mbali wazipate. Nyaraka za jimbo la kale la Louisiana na Florida, zenye karatasi za tangu 1576, zilipigwa filamu hivyo miaka ya 1960.

McAvoy alikuwa na vitu viwili ambavyo Padri Prof hakuwa navyo. Alikuwa mtawa, kwa hiyo ndugu hawakuwa na dai. Na shirika lake ndilo lililoanzisha chuo, kwa hiyo Kanisa na chuo vilikuwa nyumba moja. Kwetu pande zote tatu zilikuwa mbalimbali. Lakini upande mmoja mfano huo unatuonya pia: karatasi za maaskofu wa New Orleans ziko Indiana, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwa watu waliozizaa. Edwards aliziokoa, hilo sina shaka nalo. Hapa kwetu leo, tukiwa na skana katika ofisi ya kawaida ya jimbo, hakuna sababu ya kuokoa kwa kuhamisha. Nakala isafiri, halisi ikae kwao.

Tulichokubaliana, na tulichoshindwa

Hati ya makubaliano ilisainiwa na pande zote kwenye ukumbi wa parokia, baada ya msimamizi wa mirathi kuthibitishwa. Bahasha za C chuoni, za K kwenye majimbo mawili kila moja kwake, za N kwa familia. Familia ikakubali kuiweka miswada na barua za kitaaluma chuoni kama amana, si zawadi: ni zao, chuo kinazitunza, na wakiona hazitunzwi wanaweza kuzichukua. Niliisisitiza tofauti hiyo ya amana na zawadi, na mzee akaomba iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza kabisa. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, ambaye sura mbili za tasnifu yake zenye masahihisho ya Padri zilikuwa mle chumbani, alirudishiwa bila kikao, ni zake.

Kaseti zilitusumbua. Ni zaidi ya mia, za dakika 60 na 90, na nyingine zimeanza kushikana. Mwanzoni mwa kila kaseti Padri anasikika akitaja mahali, tarehe, na kumwuliza anayehojiwa kama anaridhia wanafunzi wasikilize. Wengi wanaridhia. Mzee mmoja anajibu, "Wasikilize, ila mpaka niwe nimeshakufa." Sauti hizo zimetolewa kwa chuo kwa jibu la mhojiwa mwenyewe, kwa hiyo zikaenda chuoni, kila moja na sharti lake. Lakini fundi anayeweza kuzihamisha bila kuzikata ni wa kutafutwa, na tumekubaliana hakuna kaseti itakayochezwa hata kwa kujaribu mpaka apatikane, maana iliyoshikana ukiichezesha mara moja tu inaweza kuwa ya mwisho.

Shajara ndiyo iliyobaki bila muafaka. Familia inataka zifungwe mpaka watoto wa kizazi hiki wawe wazee. Chuo kinataka miaka 30, kama nyaraka za serikali. Mimi nipo karibu na familia kwa miaka ya mwisho ya shajara, yenye majina ya watu walio hai, na karibu na chuo kwa ile ya miaka ya 1970, ambamo anaandika yaliyozungumzwa kwenye semina za Mlimani na ambayo wasomi wanaitafuta. Nimependekeza zigawanywe kwa muongo, zisifunguliwe wala kufungwa kwa pamoja. Mdogo wake amechukua pendekezo hilo kwenda nalo kwenye kikao cha ukoo, na mpaka jibu lirudi shajara ziko kwenye tranka nyumbani kwa mpwa, zimefungwa kwa karatasi isiyo na asidi na kuwekwa juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu.